Muhuri wa Laobani Liang

Guangzhou, 9 Machi 1998

Dada Zainabu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama amepata nafuu ya miguu. Mimi nipo, mafua tu. Mvua ya hapa haimwagiki ikaisha. Inakaa hewani kutwa nzima na nguo hazikauki.

Lile tulilokuwa tunalitafuta limepatikana. Laobani Liang, ndivyo wanavyomwita bosi huku, mwenye kiwanda cha yale magemu ya matofali yanayoshuka, amekubali. Ameandika karatasi kwamba wewe ndiye wakala wake pekee Tanzania nzima, akaigonga muhuri mwekundu mbele yangu. Huku karatasi bila muhuri mwekundu ni ya kufungia vitumbua. Ikiwa nao, kila mtu ananyamaza.

Nimechoka, dada. Tangu Januari natembea kati ya masoko ya Liuhua na viwandani, kila ninapouliza naambiwa meiyou, hakuna, hata kabla sijamaliza kuuliza. Sasa angalau tuna kitu chetu. Anayekuletea karatasi ni Murshid, anarudi Dar wiki hii. Itunze vizuri.

Mkumbatie mama.

Mdogo wako,
Marijani

Dar es Salaam, 20 Aprili 1998

Mdogo wangu Marijani,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, mama hajambo isipokuwa macho. Anakuuliza kama huko unapata wali wa kueleweka.

Karatasi ilifika na nimeitundika dukani kwenye fremu. Magemu yanatoka vizuri. Watu wazima wanagombania na watoto wao, na jana nilimkuta karani wa msikiti anacheza amejificha nyuma ya nguzo.

Ila nimeudhika, na wa kuniudhi ni Msabaha. Naye ameleta magemu yaleyale, boksi lilelile, anauza mtaa wa pili kwa bei ya chini. Angekuwa mtu mwingine ningesema biashara. Lakini huyu mama yake alifariki akimzaa, mama yetu akamweka ziwa moja na mimi lingine. Tumekua tukiitana ndugu, na ndugu ndivyo tulivyo. Nilimfuata, nikamwambia nina karatasi. Akasema, "Soko kubwa, dada. Tuuze wote." Kama vile mimi ndiye mroho.

Nimempa wakili kesi. Kama haki ni yangu, ni yangu hata kwa ndugu. Nenda kwa laobani akuandikie barua ya kuthibitisha, nayo igongwe muhuri. Mama hajui, na usimwambie.

Simu ya duka imekatwa, kwa hiyo usihangaike kupiga.

Dada yako,
Zainabu

Guangzhou, 30 Mei 1998

Dada Zainabu,

Salamu nyingi, na nyingine umfikishie mama. Nimekonda kidogo lakini si ugonjwa.

Naomba usome barua hii ukiwa umekaa. Nilikwenda kiwandani kuomba ile barua. Laobani akanipa chai, akawa anakwepa. Nilipombana sana akacheka, akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni, "Muhuri wangu. Gemu si langu." Nikamuuliza kama si lako ulitupaje. Akasema nilitaka muhuri, akanipa muhuri. Wateja wake wote wa Afrika wanapenda muhuri, na kila aliyemwomba amemgongea.

Nikamuuliza la nani. Kumbe yeye aliuziwa ruhusa na bwana mmoja wa Hong Kong, na huyo bwana naye hakuwa na ruhusa ya kuuza. Nimeulizia kwa wenzetu wanaojua mambo ya vifaa vya umeme. Wanasema gemu hili lilitungwa na Mrusi, na tangu hapo watu wakubwa, wenye mawakili wa kukodi, wamepelekana mahakamani miaka na miaka. Huyu anamuuzia yule haki ambayo hajaipata, yule anamuuzia wa tatu, na mtungaji mwenyewe alikaa muda mrefu hapati chochote. Sisi tumeingia mkiani kabisa, dada, na tukadhani tumeshika kichwa.

Futa kesi. Nakuomba sana. Msabaha hana kosa ambalo sisi hatuna.

Barua hii nampa Shedrack, yule wa Mwanza. Anapitia Dubai siku chache tu, kisha Dar.

Mdogo wako,
Marijani

Dar es Salaam, 12 Julai 1998

Mdogo wangu Marijani,

Nakusalimu. Hujambo? Mbona kimya hivyo? Barua ya laobani sikuipata, lakini haikuhitajika. Tumeshinda.

Kesi ilikwenda upesi kwa sababu Msabaha hakujitetea. Hakimu alimuuliza kama ana kielelezo chochote. Akasimama pale kizimbani na kanzu yake ya Ijumaa, akasema hana la kusema juu ya dada yake. Nilikasirika zaidi, nikaona ananifanyia maringo. Katoni zake zikachukuliwa, zikapondwa kwa nyundo na kuchomwa. Nilikwenda kutazama. Plastiki ile ina harufu mbaya, mpaka leo naisikia kwenye mtandio niliovaa.

Nilidhani ningefurahi. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Maulidi imepita na Msabaha hakuja. Unajua hajawahi kukosa, anakuja na halua anamlisha mama kwa mkono wake. Mama alikaa barazani mpaka ubani ukazimika. Nikamwambia amesafiri.

Dada yako,
Zainabu

Guangzhou, 5 Agosti 1998

Dada,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima tangu nisome barua yako. Leo nimesikia kwamba Shedrack bado yuko Dubai, mzigo wake ulikwama na barua yangu iko kwenye begi lake. Kosa ni langu kumwamini mtu mwenye mizigo mingi. Nimeiandika upya yote na kumpa Murshid, anayeruka kesho moja kwa moja.

Ukishaisoma, usinijibu kwanza. Nenda kwa Msabaha.

Marijani, mdogo wako

Dar es Salaam, 6 Septemba 1998

Mdogo wangu Marijani,

Salamu. Barua zako zimefika zote mbili, ya Murshid kwanza, ya Shedrack juma lililofuata. Nilikwenda siku ileile niliposoma ya kwanza.

Duka lake lina mtu mwingine, anauza ndoo. Nikaenda nyumbani. Mkewe, Ilham, alinikaribisha, akaniwekea kiti, akanipa maji. Ningeona nafuu kama angenitukana. Alisema Msabaha yuko Songea, anauza mitumba. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha.

Marijani, ni karatasi kama yangu. Wakala pekee, Tanzania nzima, jina la Msabaha, muhuri uleule mwekundu. Ya Januari. Yake ilitangulia yangu.

Nikamuuliza Ilham kwa nini mumewe hakuipeleka mahakamani. Akasema alimwomba aipeleke, walikosana kwa hilo. Msabaha alimjibu kwamba akiitoa ile, mimi nitaonekana mwongo mbele ya Kariakoo nzima, na mama atasikia kwamba wanawe wanaumbuana kizimbani. Akasema atangoja, dada hasira zake zinaisha mlangoni. Alingoja mpaka siku ya nyundo.

Nimeona aibu ambayo sina pa kuiweka. Fremu nimeiteremsha.

Jana jioni nikajikaza, nikamweleza mama yote. Kisha akataka kukiona hicho tulichogombania. Nikamletea gemu moja, akalipapasa kwa vidole, macho yenyewe hayaoni, akauliza, "Hiki kitu ni cha nani?"

Nikasema ni cha watu wengine, mama, wako mbali, hatuwajui.

Akanirudishia mkononi. "Basi nirudishie mwanangu."

Basi la Songea linaondoka alfajiri. Halua nimeshanunua.

Dada yako,
Zainabu