Papa Josiah

Bruxelles, Machi 2011

Kambo Lucienne wa Katuba,

Sisi wote huku tuko bien, hakuna mugonjwa. Maman anakusalimia sana, baridi inaanza kupungua.

Kambo, leo mujukuu wako alisema mbele ya darasa. Mimi mwenye unajua nikiitwa ninaangalia viatu! Professeur alikuwa ameniambia: nikinyamaza tena, nitarudia mwaka. Exposé yangu ya kusoma mbele yao ilikuwa juu ya Josiah Tarrant, Mwamerika wa zamani: alikuwa avocat wa kutetea bantu mahakamani, akaenda kupigana vita ya kumaliza utumwa, kisha akachaguliwa député wa bunge.

Bon, nikaanza kwa français: "Papa Josiah alizaliwa maskini..."

Wote wakacheka. Jonas, mwenye kukaa nyuma yangu, akauliza: "Keren, huyo ni baba yako?"

Sikukaa. Nikamujibu: "Kwetu hatuite muntu mukubwa jina tupu. Huyu alipigania bantu weusi kama mimi. Nimuite Josiah, alikuwa camarade yangu wa kucheza naye?"

Nikaendelea mpaka mwisho.

Ndipo professeur akauliza, bila kucheka: "Na Papa Josiah alikufa mwaka gani?"

Nilimujibu nikimuangalia machoni.

Mujukuu wako mwenye sauti,
Keren