Kigoda cha Pili kwa Mama Bounmi

Dada Viengkeo,

Huko ng'ambo ya mto Mekong wanakulisha nini? Mimi hapa Huay Xai ni mfalme, vibanda vyote vya mtoni vinanigombea. Samaki wa kuchoma ni wa Mama Bounmi, usibishe. Tangu uvuke kwenda kutafuta kazi Thailand, nyumbani sipiki. Wali wa kunata si wa kula peke yako, kwa hiyo naagiza kikapu cha wawili na kukuwekea kigoda.

Jana Mama Bounmi alinichokoza, "Wewe Thongdi, mchumba kakukimbia tena?"

"Dada yangu yuko njiani, Mama."

Hakucheka. Akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda chako, akala nami. Ni mwema, lakini pale ni pako. Njoo Mwaka Mpya.

Mdogo wako mtanashati,
Thongdi