Kila Tanuri na Chipu Yake

Malindi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku pwani mkubwa haamkiwi vinginevyo, nami nimezoea. Natumai mgongo wako umepata nafuu na mvua imefika huko Ukambani. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesikia nimegombana na meneja wetu wa kiwanda cha mikate, ukaniambia nimwombe radhi nisije nikafukuzwa. Baba, kwa heshima zote, sitaomba. Nisikilize kwanza.

Tuna matanuri matatu, mawili ya zamani na moja jipya. Kila moja linaongozwa na kompyuta ndogo, na maagizo yake yamo ndani ya chipu ya urefu wa kidole. Kazi yangu ni kuyaandika maagizo hayo. Nilimwambia meneja kwamba tanuri jipya linataka chipu yake, kwa sababu linapima joto kwa Selsiasi, na yale ya zamani kwa Farenhaiti.

"Tanuri ni tanuri, Mumbua," akasema. "Nakili ile ile."

Nilikataa, akamwita fundi mwingine akainakili.

Kesho yake asubuhi tanuri jipya likasoma agizo la mia nne za Farenhaiti kana kwamba ni Selsiasi, likatafuta joto karibu maradufu ya lile la kuoka mkate. Kadzo, mama anayelihudumia, alipofungua mlango moto ukamrukia mkononi. Meneja akaandika kwamba Kadzo alikuwa amesinzia, akamsimamisha kazi, kisha akanitaka nitie sahihi kama shahidi.

Sikutia. Nilichemsha maji kwenye sufuria mbele ya wafanyakazi wote, nikatumbukiza vipimajoto vya matanuri. Cha jipya kikasoma mia moja. Cha zamani, mia mbili na kumi na mbili.

"Maji ni haya haya," nikamwambia meneja. "Sasa aliyesinzia ni nani?"

Akaichukua karatasi aliyotaka niitie sahihi, akaichana.

Kadzo amerudi kazini, mkono bado una bandeji. Maagizo nimeyapanga upya: yanayofaa matanuri yote yako pamoja, na ya kila tanuri yamewekwa kando, na kila chipu nimeibandika jina la tanuri lake. Mimi nikapewa barua ya onyo, eti sina adabu. Nimeirudisha mezani kwa meneja bila sahihi. Akitaka kunifukuza na anifukuze, lakini uongo sitauandika.

Nisalimie Mama, na dada mkubwa na wanawe. Nisalimie pia mjomba, fundi wa baiskeli, aliyenishikisha bisibisi wakati nyote mkisema si kazi ya msichana.

Ni mimi binti yako, ninayeomba radhi kwako tu, kwa kukukatalia,

Mumbua