Kipande Tusichokifagia

Zainabu,

Umekaa huko kaburini muda mrefu mno, na ni tabia mbaya. Nasikia ulimtokea ndotoni yule jirani muuza mkaa, ukamsalimia na kumuuliza hali ya watoto. Mimi mke mwenzako, niliyekuogesha ulipougua, hujanijia hata kuomba chumvi. Kalamu siijui, unajua. Mjukuu wako Aisha anaandika ninavyosema, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Sikiliza. Yusufu wako amenunua gari. Akasema uwanja wetu ni vumbi tupu, autandazie matofali ya saruji kutoka mlango wako mpaka mlango wangu. Nikamwacha, maana ni mwanao na ananiita Mama Mkubwa kwa adabu. Kisha nikaona fundi ananyoosha kamba juu ya kile kipande chetu cha katikati.

Ule mchanga wa ziwani uliobaki mzee, mume wetu, alipopiga plasta nyumba zetu. Kila alfajiri wewe ulifagia upande wako, mimi wangu, na pale katikati hakuna aliyegusa. Mimi nilisema ni pako, wewe ukasema ni pangu. Tumezeeka hivyo. Ndiyo maana yale maua yakaota, kwa kiburi chetu: madogo, rangi ya ndimu, mdomo kama wa mtoto aliyekula zambarau. Aisha anasema shuleni yanaitwa okidi. Sisi hatukuyapa jina. Wageni wakiyasifu ulisema ni yako, mbuzi akiyatafuna ni yangu.

Fundi akaniita bibi kwa Kiganda chake, "Jajja, hapa hakuna kitu." Ilikuwa kiangazi, na unajua yanavyojificha. Nikapiga magoti, nikafukua kwa kidole, nikamwonyesha kiazi kimelala chini, kinene, kizima. Yusufu akasema tuyahamishie kwenye kopo la rangi.

Nikamwambia, "Mama yako alihamisha moja mlangoni kwake nilipokuwa kanisani Lubaga. Likafa." Ulidhani sikujua, Zainabu. Nilijua siku ile ile.

Akauliza, "Sasa Mama Mkubwa, gari litalala wapi?"

"Lilale Kisenyi kwenye magereji, lina wenzake huko."

Fundi akacheka, Yusufu hakucheka. Nikaleta kiti changu, nikakaa pale pale kwenye mchanga. Wakaanza kutandaza pembeni wakidhani nitachoka. Jua likanichoma, Aisha akaniletea chai, nikanywa hapo hapo. Walipofika miguuni pangu, Yusufu alinitazama sana. Ana macho yako yule mtoto. Akamwambia fundi, "Pazunguke."

Basi uwanja wote ni saruji sasa, isipokuwa hapo. Gari halina pa kupita, linalala nje ya geti na Yusufu ananuna. Atazoea. Mimi nilikuzoea wewe.

Nafagia pande zote mbili siku hizi. Upande wako ni mkubwa, sikujua. Nikifika mlangoni kwako mkono unakataa, nasimama tu, halafu naendelea. Hakuna wa kugombana naye. Hilo ndilo sikulitegemea.

Mvua imeanza. Maua yetu yametoka, mengi kuliko mwaka jana.

Nikiwa na pumzi, saruji haitafika pale, na Aisha ameniapia kwamba atapalinda siku nitakapokuja huko kwako. Pumzika, mwenzangu. Kiti sijakiondoa. Ukija, kikalie wewe, na usibishe. Mimi nitakaa chini.