Mikono Yako Mapajani

Mama Joy,

"Masomo yote yapo mtandaoni. Asiyeyapata hajayatafuta." Hayo aliyasema mkuu wa idara kwenye kikao cha chuo, wiki ya tatu tangu tukuzike, alipoulizwa kwa nini kiti chako cha kuwaelekeza wanafunzi kwenye kompyuta hakijapata mtu. Nikasimama. Unajua nikisimama inakuwaje. Nikamwambia kuwapo si kuonekana; hata maji yapo chini ya ardhi ya Dodoma, mbona watu wanashinda na madumu? Wakacheka, kisha wakaandika kwenye muhtasari kwamba mimi nitakaa kwenye kiti hicho kwa muda.

Basi nimekaa. Chumba cha kompyuta ni kilekile, na dirisha linaingiza vumbi lilelile. Kitambaa chako cha kufutia vioo vya kompyuta bado kipo kwenye droo. Sijakigusa.

Ulikuwa ukinitania, "Mzee wa makala, unagombana na dunia nzima magazetini, kivinjari kinakushinda." Nami nilikucheka kwa ile tabia yako: mwanafunzi akikaa, unaweka mikono mapajani, hukigusi kipanya chake hata akihangaika nusu saa. "Shuka chini. Umeviona vistari vitatu? Hapohapo. Bofya." Nikasema unawatesa watu wazima. Ukanijibu, "Mkono wangu haufanyi mtihani hapa."

Jumatatu alikuja Mama Chilongani. Unamkumbuka, yule mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mvumi, aliyeandika kwenye kisanduku cha kutafutia, "Shikamoo. Naomba somo la tatu." Mimi nilitoka nje kucheka. Wewe ulimwambia, "Salamu nimeipokea mimi, mama. Hiki kipe jina la somo tu." Safari hii alikuja na daftari alilolichora wakati wako: kila ukurasa mchoro wa kioo, mishale, vitufe. Lakini mfumo wameshaubadilisha. Hakuna kitufe hata kimoja kilichobaki pale alipokichora. Akaniuliza kwa upole kama vimehamishwa kwa sababu mwenyewe amefariki.

Alitaka kusoma somo la nne kwanza, jaribio lake alifanye baadaye. Nikamwelekeza huku, nikamrudisha kule. Uvumilivu ukaniishia. "Lete nikuonyeshe," nikasema, nikachukua kipanya, nikabofya palipoandikwa Anza.

Mama Joy, halikuwa somo. Lilikuwa jaribio lenyewe. Dakika thelathini, mara moja tu, na saa ilikuwa tayari inahesabu kurudi nyuma.

Nikabofya kurudi. Nikafunga ukurasa, nikaufungua. Saa haikusimama. Akavuta kiti, akaanza kujibu maswali ya somo ambalo hajawahi kuliona, akilisoma kila swali kwa sauti ndogo. Na mimi, niliyejaza magazeti kwa maneno, nimesimama nyuma yake sina hata moja. Alipomaliza alisema, "Basi, mwalimu. Ulikuwa unanisaidia." Afadhali angenitukana.

Ameanguka. Alama hizo zikibaki hivyo anarudia mwaka mzima, na huko Mvumi kuna darasa la watoto analoliacha kila anapokuja huku. Nimeandika barua tatu ofisini. Jibu limekuja moja: mfumo haurudishi jaribio. Mfumo! Kwani umenyesha kama mvua? Haukutengenezwa na watu? Nimeuliza hivyo kwa maandishi. Kugombana najua. Kazi yako siijui, na nilikaa karibu nayo miaka yote hiyo nikiicheka.

Ningekuuliza kitufe kiko wapi. Ningekuuliza tu.

Pumzika, Mama Joy. Nakuahidi: kuanzia kesho mikono yangu itakaa mapajani, hata siku ambayo mimi mwenyewe sijui nimwambie mtu abofye wapi. Tutatafuta wote, yeye akiwa ameshika kipanya.

Na ninyi mliosema yapo: nakala ya barua hii nimeibandika kwenye mlango wa chumba chenu cha vikao. Jaribio lile nililianzisha mimi, si yeye. Mfungulieni Mama Chilongani upya kabla ya Ijumaa. Halafu njoni mmoja mmoja mkae kwenye kiti hiki, mwanafunzi mbele yenu, mikono mapajani, mumwonyeshe hayo masomo yalipo.