Maganda ya Shamba la Mama

Mdogo wangu Yustina,

Pokea salamu za Ngara pamoja na ukungu wake wa asubuhi. Jana nilihudhuria mkutano wa mpango wa miaka mingi wa kupunguza taka zinazopelekwa dampo. Dampo lenyewe ni shamba la mama, lile nililouachia mji kwa barua bila kukuuliza. Ofisa alisema kila nyumba itatenga maganda ya ndizi yawe mbolea. Bibi Anastazia, jirani yetu wa zamani, akadakia, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunayarudisha mgombani. Lori la taka mmelileta nyie!" Watu wakacheka, mimi nikainamisha kichwa.

Bibi Anastazia amenipa chipukizi la mgomba aliopewa na mama. Nakuletea, ulipande uani. Maganda yake tutayarudisha shinani.

Nisamehe, mdogo wangu.

Kaka yako, Deogratias