Mwenye Haki ya Kulalamika ni Mwanaidi

Ugweno,
S.L.P. 31,
Mwanga.
14 Agosti 1993

Mpendwa mdogo wangu Raheli,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kile kifua kimepoa? Na shemeji Lukasi na watoto hapo Kilosa, hawajambo? Sisi tunaamka. Kahawa yangu, sijisifu, mwaka huu haina mpinzani kilima kizima. Sukari siku hizi imejaa madukani. Kilichopotea ni cha kuinunulia.

Raheli, nimefanya jambo la aibu, na hapa sina wa kumwambia.

Unajua marehemu mwanangu Erasmo alivyokuwa. Fundi mkuu wa mashine za mkonge, hata meneja alikuwa akimsubiri yeye. Alipofariki, wadhamini wa mfuko wa kustaafu wa pale shambani waliniita Same. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa mbele yao kama mama wa waziri. Wakauliza kama ameacha mke au mtoto. Nikasema hakuacha.

Unamkumbuka Mwanaidi, binti wa huko kwenu, aliyekuja na wazazi wake kukata mkonge. Aliishi na Erasmo miaka minne. Ukoo haukwenda kumposa, basi kwangu hakuwa mkwe. Msibani alikuja na mtoto mgongoni, nikamwacha akae nje na majirani.

Wadhamini wakaamua mafao yake yote ni yangu. Juzi nikashuka kuchukua. Kumbe shamba lilipouzwa, walipohamisha majalada, fomu ya Erasmo ya kuandikisha warithi ilionekana. Karani Muhidin akanipa niisome. Mke: Mwanaidi. Mtoto: Veneranda. Nikadhani ni mimi. Nikafuata mstari: umri, miezi minane.

Mtoto wa kike wa kwanza amepewa jina la mama wa baba yake, kama tunavyofanya kwetu. Erasmo alishika mila. Mimi niliyejidai kuilinda sikuwahi hata kuuliza mtoto anaitwaje.

Nikamwambia Muhidin fedha sizitaki, nataka kulalamika uamuzi ubadilishwe.

"Mama, unalalamika nini? Uamuzi umekupa wewe."

Nikamwambia mimi ndiye mama mzazi wa fundi mkuu.

"Hata ungekuwa mama wa meneja. Hapa analalamika mwanachama mwenyewe. Akifariki, ni mjane, mtoto au tegemezi aliyenyimwa. Wewe umenyimwa nini?"

Foleni nzima ikacheka. Nikatoka bila kutia sahihi.

Mwisho wa kupokea malalamiko ni tarehe 30 Septemba. Mwanaidi yuko kwa mama yake, hapo Kilosa, karibu na reli. Nenda, mdogo wangu. Humu kwenye bahasha kuna karatasi ya pili. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba niliwadanganya wadhamini. Aje nayo Same, lakini malalamiko ayaandike yeye. Akikufukuza, usimjibu, rudi kesho yake.

Nitakuwa stendi ya Same kila Jumatatu. Asipotaka kuniona, nitakaa mbali.

Wasalimie shemeji, Honorata na Kurwa. Mungu aifunike nyumba yako, msipungukiwe chakula wala usingizi. Na yule wajina wangu, mama yake akikuruhusu, mbebe kidogo kwa niaba yangu.

Wako dada akupendaye,
Veneranda